Ndege mdogo wa kijivu mwenye kishungi katika msitu wa Magamba

Swali: Katika msitu wa Magamba, Usambara Magharibi, nilimwona ndege mdogo wa kijivu, mwenye kichwa cheusi na kishungi kifupi, akikamata wadudu huku akigeukageuka bila kutulia. Mwenzangu anasema ni Melaenornis fischeri. Je, ni kweli?

Jibu: Naelewa kwa nini mwenzako alimtaja ndege huyo, kwa kuwa ni wa kijivu na huonekana kwa urahisi katika milima ya kaskazini mwa Tanzania. Hata hivyo, maelezo yako yanampinga. Fischeri hana kishungi, ana urefu wa sentimita 17 hivi, na pete nyeupe pana inayozunguka jicho lake huonekana hata kwa darubini hafifu. Zaidi ya hayo, yeye ni mtulivu: hukaa wima kwenye tawi lililo wazi ukingoni mwa msitu, akashuka ghafla kumwokota mdudu, mara nyingi chini kabisa, kisha akatulia tena. Ndege asiyetulia hata kidogo ni wa namna nyingine.

Kwa maoni yangu ulimwona Elminia albonotata, mwenye urefu wa sentimita 13 hivi. Kichwa chake ni cheusi, mgongo na kifua ni vya kijivu, na tumbo ni jeupe. Alama ya kuamua ni mkia, ambao hukuutaja: manyoya yake ya pembeni yana ncha nyeupe, na kwa kuwa ndege huyu huutandaza kama upepeo kila anapogeuka, weupe huo humulika hata katika kivuli kizito, mahali ambapo rangi ya kijivu haimsaidii mtazamaji hata kidogo. Mara nyingi hufuatana na makundi ya ndege wa aina mbalimbali wanaotafuta chakula pamoja.

Yuko mwingine wa kuangaliwa kwa makini, Trochocercus cyanomelas, ambaye pia ana kishungi na tumbo jeupe. Mkia wake hauna weupe. Weupe wake uko kwenye bawa, na dume lina kichwa na kifua vyeusi vinavyong'aa kwa ubuluu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: je, weupe ulikuwa mkiani au kwenye bawa? Muscicapa adusta mwondoe mara moja, kwani ni wa rangi ya hudhurungi iliyofifia na hana kishungi.

Niongeze kwamba Elminia, ingawa huwanasa wadudu hewani, si wa familia ya Muscicapidae, yaani ile ya Melaenornis na Muscicapa. Wataalamu humweka katika familia ya Stenostiridae, kwa hiyo usimtafute katika kurasa za Muscicapidae za kitabu chako cha ndege. Ukirudi Magamba, simama karibu na vichaka vyenye kivuli, subiri kundi lipite, na uangalie mkia kwanza kabla ya kichwa.