Maswali yenu: Nyumba ya mshairi na bwawa la mikizi

Tangu nitaje Tvrdalj, nyumba ya kiangazi ya mshairi Petar Hektorović mjini Stari Grad, kisiwa cha Hvar, Kroatia, maswali hayaishi. Haya machache.

*Ni ngome au nyumba?*

Nyumba. Nimeshasema mara tatu. Ila mwenyewe, aliyezaliwa 1487, alikuwa kabaila, na kuanzia 1510 hadi 1514 wanyonge wa Hvar waliwaasi makabaila wakiongozwa na Matija Ivanić. Baharini nako Waturuki walikuwa wakivizia. Mtu aliyeyaona hayo ujanani hajengi kibaraza cha kupunga upepo, anajenga ukuta. Anayeiita "nyumba ya starehe" hajui hofu ya tajiri.

*Bwawa la ndani lina samaki gani? Naweza kuvua?*

Mikizi, kwenye maji ya bahari. Huwezi. Na mkate wako kula mwenyewe.

*Eti kuna maandishi chooni?*

Yapo, ya Kilatini: ukijijua u nani, waringia nini? Kuta zina maandishi mengi, ya Kilatini, Kiitaliano na Kikroatia, lakini kila barua inauliza la chooni tu. Haya, mmeridhika?

*Je, kweli alikuwa rafiki wa wavuvi?*

Hili ndilo swali. Mnaizunguka nyumba na kupiga picha mnara wa njiwa, shairi lake la uvuvi hamjalifungua. Lilichapwa Venice mwaka 1568, nalo linasimulia siku tatu za kuvua pamoja na Paskoje Debelja na Nikola Zet. Kabaila wa karne ile angeweza kuandika "wavuvi wawili" akaishia hapo. Yeye aliwataja kwa majina, akaweka vitendawili vyao, na nyimbo zao mbili akazichapisha pamoja na noti za muziki. Urafiki? Sithubutu kusema. Makasia walishika wao, na yeye akarudi kwenye ukuta wake. Lakini heshima ipo, tena kuliko ninayoiona kwa waandishi wetu wanaorekodi nyimbo za wazee, kisha jina la mwimbaji halionekani popote.

*Waturuki waliibomoa?*

Waliuchoma mji mwaka 1571, na nyumba ikaumia. Mzee alikuwa na miaka themanini na ushei. Mwaka uliofuata akafa. Warithi waliibadilisha baadaye, kwa hiyo ukuta wa mbele mnaoupigia picha si wote aliouona yeye. Ingieni ndani, bwawani.