Maswali ya Wasomaji: Sauti Zilezile, Majina Manne ya Ugonjwa

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 23, alikuwa mwaka wa pili chuoni. Tangu mwishoni mwa Februari anasikia watu wakimsema, na chumbani hamna mtu. Zahanati walituambia malaria imepanda kichwani. Akamaliza dozi, sauti zikabaki. Hospitali ya pili daktari alikaa naye kama dakika kumi, akaandika skizofrenia, akachomwa sindano ya haloperidoli. Kesho yake shingo ikapinda upande na ulimi ukawa unatoka nje. Tuliogopa, hatukurudi. Daktari wa tatu kasema ni sonona, kampa fluoksetini. Shehe wa mtaani naye anasema ni jini. Ajabu ni kwamba Desemba alikuwa mzima kabisa, tena mchangamfu kupita siku zote: halali usiku, anapanga biashara tatu kwa mpigo, hata pesa ya ada akawagawia rafiki zake. Nimwamini nani?
Mama S., Morogoro

JIBU: Mama S., hayo ya Desemba uliyoyataja mwishoni ndiyo yenye uzito kuliko yote yaliyo kwenye barua yako. Je, kuna daktari hata mmoja aliyeyasikia? Tunahisi hapana, maana mgonjwa hupelekwa hospitali kwa ajili ya sauti, na kipindi alichoonekana "mzima kupita kawaida" hakuna anayekihesabu kuwa ugonjwa.

Kusikia sauti ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Huweza kutokana na skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na hali halisi), baipola (moyo kupanda mno kwa kipindi, kisha kushuka mno), sonona kali (huzuni nzito isiyoondoka), kiwewe cha tukio la kutisha, kujifungua, kifafa cha sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti, bangi, mirungi, au pombe iliyokatizwa ghafla. Kinachotenganisha magonjwa haya mara nyingi si sauti yenyewe. Ni kalenda: nini kilianza kwanza, kikadumu muda gani, kikiambatana na nini.

Tuyapime majina manne uliyopewa. Malaria kali ya ubongo huja na homa, degedege au kupoteza fahamu, na mambo yake huamuliwa ndani ya siku chache. Haikai miezi ikimsema mtu chumbani.

Skizofrenia inawezekana, lakini si kwa dakika kumi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unataka dalili zisizopungua mbili zilizodumu mwezi mmoja au zaidi; ule wa Marekani, DSM-5, unataka ugonjwa uwe umeonekana kwa jumla ya miezi sita. Yote miwili inamtaka daktari ajiridhishe kwanza kwamba si baipola, si dawa za kulevya na si ugonjwa wa mwili. Kujiridhisha huko ni maswali mengi. Ziara ya kwanza iliyofanywa vizuri huchukua dakika 45 hadi saa nzima, na ndugu naye huhojiwa peke yake.

Sonona nayo inawezekana. Ila mtu mwenye sonona aliyewahi kupitia siku nyingi za kulala saa mbili tatu tu kwa usiku bila kuchoka, maneno mbio na pesa kutapanywa, lazima achunguzwe baipola. Fluoksetini ikitolewa peke yake kwa mwenye baipola huweza kumrusha upande wa pili, ule wa uchangamfu uliopitiliza. Hatusemi mwanao ana baipola. Hilo haliamuliwi kwa barua. Tunasema aliyeandika dawa hiyo apate habari za Desemba wiki hii, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wa nyumbani. Akianza kukosa usingizi au kuchemka, mpeleke siku hiyohiyo.

Kuhusu jini, daktari mzuri hatabishana na imani yenu. Atauliza: je, watu wa dini yake wanaomjua wanaona anayosikia ni ya kawaida kwao, au hata wao wanashangaa? Dua iendelee. Kisichokubalika ni kufungwa kamba, kuchapwa, kunyimwa maji au kukatishwa dawa.

Shingo kupinda ni madhara yanayojulikana ya haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume katika siku za mwanzo. Misuli hukaza. Hospitali hulegeza kwa sindano nyingine, na mara nyingi nafuu huonekana ndani ya nusu saa. Koo likikaza au akishindwa kupumua vizuri, ni dharura. Tukio hilo halithibitishi wala halikanushi jina la ugonjwa. Waandikishe tu kwenye faili kwamba dawa ile ilimfanyia hivyo. Aliyewachoma sindano alipaswa kuwaonya, na kwa kuwa hakufanya hivyo mkapoteza hospitali nzima.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukua daftari, ukurasa mmoja tu, uandike kwa tarehe au kwa matukio mnayoyakumbuka (Idi, mitihani, msiba). Lini alianza kujitenga, kuacha kuoga, kushuka masomo? Mara nyingi hayo hutangulia sauti kwa miezi. Desemba alilala kwa muda wa saa ngapi kila usiku, na ilidumu siku ngapi mfululizo? Bangi, pombe au mirungi: mara ya mwisho lini? Aliwahi kuumia kichwa au kuanguka degedege? Katika ukoo, nani aliwahi kuugua akili au kujiua? Andika na kila dawa aliyokunywa, zikiwemo za miti shamba.

Yeye mwenyewe aulizwe bila wewe kuwepo. Wagonjwa wengi huficha kwa kuogopa kuitwa vichaa, na mama akiwa pembeni hufunga mdomo kabisa. Ataulizwa kama sauti ni moja au nyingi, kama zinatoka nje ya kichwa, zinazungumza naye au zinamzungumzia, na kama zinaamuru. Kuna swali moja ambalo msitoke bila kuulizwa: zile siku moyo wake umetulia, hana huzuni wala uchangamfu uliopitiliza, sauti zipo? Zikiwepo kwa wiki kadhaa, fikra huelekea kwenye skizofrenia na magonjwa ya jamii yake. Zikija na kuondoka pamoja na hali ya moyo, huelekea sonona au baipola.

Vipimo havitaonyesha skizofrenia, maana hakuna damu wala picha inayoithibitisha. Kazi yake ni kuondoa mengine: malaria, VVU, kaswende, sukari, damu kwa jumla, figo, ini na tezi ya shingo. Kipimo cha umeme wa ubongo huombwa pakiwa na shaka ya kifafa. Picha ya kichwa huombwa pakiwa na jeraha, udhaifu wa upande mmoja, maumivu mapya ya kichwa, au ugonjwa ukianza ukubwani, tuseme baada ya miaka 45. Kipimo cha mkojo kikionyesha bangi, msikubali kesi ifungwe hapo: kwa mvutaji wa kila siku hubaki wiki kadhaa. Sauti zilizoletwa na bangi kwa kawaida hupungua ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha. Zikipita mwezi, tafuteni zaidi.

Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, na faili zote tatu mkononi. Wakikwama, ombeni rufaa kwenda Muhimbili au Mirembe, Dodoma. Muulizeni daktari: "Ni magonjwa gani mengine umeyafikiria ukayaondoa, na kwa nini?" Akijibu "ni saikosisi, chanzo bado tunachunguza," msimkimbie. Saikosisi ni hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo, chanzo kiwe chochote. Ndilo jibu la kweli katika miezi ya mwanzo, na matibabu yanaweza kuanza nalo.

Yapo mambo yasiyongoja miadi: sauti zikimwamuru ajidhuru au adhuru mtu, akikataa chakula na maji, au akiwa na homa na kuchanganyikiwa kunakopanda na kushuka ndani ya siku moja. Hapo ni mapokezi ya dharura, hata saa nane usiku. Nyumbani ondoeni sumu ya panya, dawa za shambani na akiba za vidonge.

SWALI: Mume wangu amefariki miezi mitatu iliyopita, bado niko eda. Karibu kila magharibi namsikia akikohoa ukumbini na kuniita jina. Naogopa kuwaambia wanangu. Nimeanza wazimu?
Bi. M., Mombasa

JIBU: Pole sana, Bi. M. Hapana. Kumsikia au kumwona marehemu ni jambo la kawaida kwa wafiwa, hasa kwa waliokaa pamoja miaka mingi, na hutokea zaidi saa ile mliyokuwa mkikutana. Hupungua wenyewe. Nenda kliniki iwapo sauti inakutukana au inakuita uende alikokwenda, au iwapo huli, hulali na huwezi kazi za nyumbani. Ukiwa unasikia kwa shida watu wanapozungumza, kapime masikio pia, maana sikio lililodhoofika huweza kusikia yasiyokuwepo. Na wanao waambie. Huenda hata wao wanakisikia kikohozi kile.