Kamera nzuri ielekee mezani

Mwalimu mwenzangu unayetaka kuanza kufundisha mubashara mtandaoni ukiwa huku kwetu Mtwara, usikimbilie dukani. Angalia kwanza simu zilizopo nyumbani. Mbili zinatosha, hata kama moja imepasuka kioo, na ugumu uko kwenye kuzigawia kazi. Wengi huelekeza ile yenye kamera kali usoni, halafu ile chakavu ndiyo inayotazama daftari. Mimi nafanya kinyume. Nafundisha Hisabati na Fizikia kidato cha tatu na cha nne, na mwanafunzi aliyeko Tandahimba hana haja ya kuhesabu ndevu zangu. Anataka kujua kama kile kipeo ni 2 au 3.

Uso haufutwi kabisa. Anayelipa ada ni mzazi, na mzazi akichungulia begani kwa mtoto hupenda kuona kuna mtu. Kwa hiyo nasalimia kwa uso, nahamia mezani nikianza kuandika, na wakati wa maswali narudi usoni.

Simu ya mezani ikae juu ya karatasi ikitazama chini moja kwa moja, na utumie kamera ya nyuma, si ile ya selfi. Stendi za shingo ndefu zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya simu, ila ukibana ile shingo kwenye meza unayoandikia, kila ukifuta kitu picha inatetemeka. Heri umwombe seremala akuundie fremu ya mbao kama goli dogo, miguu yake isimame sakafuni. Kuna jambo moja litakusumbua: simu ikilala bapa haitambui upande wa juu ni upi, hivyo maandishi yanaweza kupinduka katikati ya somo. Ishike kwanza ikiwa imesimama kwa upana wake hadi picha ikae sawa, ndipo uilaze taratibu.

Bandika selotepu mezani pale picha inapoishia, mkono ujue mpaka wake bila kutazama kioo. Laza karatasi kwa upana, maana picha ya video kwa kawaida ni 16 kwa 9. Penseli sahau, tumia maka pen nyembamba na uandike kwa herufi kubwa kuliko ulivyozoea. Dirisha liwe kushoto kwako kama unaandika kwa kulia, kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Na karatasi nyeupe pee ina usumbufu wake: mkono mweusi ukiingia kwenye picha, kamera hudhani mwanga umepungua, inaongeza, na maandishi yanafifia. Karatasi ya kaki hupunguza tabu hiyo.

Sasa sauti, ambayo ndiyo inayofukuza wanafunzi. Simu mbili zikiingia kwenye mkutano mmoja ndani ya chumba kimoja, sauti inazunguka toka spika hii hadi maiki ile na kuzaa mwangwi au mlio mkali. Kuzima maiki ya simu ya pili hakutoshi, kwa sababu spika yake bado inasema na maiki ya kwanza inanasa. Simu ya mezani iingie bila kujiunga na sauti kabisa. Unaweza kuiingiza kwa linki kama mgeni, uipe jina "Meza", kisha uikubalie kutoka simu kuu, ile ya usoni. Ya kuongelea ni moja tu, na ivalishwe earphone zenye maiki.

Kwenye Zoom, programu ya mikutano ya video, kuna vitufe vya Pin na Spotlight. Pin inabadilisha unachoona wewe peke yako. Spotlight ndiyo inayowaletea wote picha ya meza kwa ukubwa. Mwalimu anaweza kubonyeza Pin na kufundisha kipindi kizima akiamini darasa linaona daftari, kumbe kila mtu anatazama dari ya sebule ya mwalimu. Wazoeshe wanafunzi kukukatiza. "Mwalimu, mkono umefunika" ni sentensi ninayoipenda kuliko "tumeelewa".

Bando nalo lipigie hesabu. Simu mbili zenye video zinarusha picha mbili, kwa hiyo ukiwa mezani zima video ya uso. Mwenye kompyuta ana njia bora zaidi: OBS Studio, programu ya bure, inapokea kamera zote mbili na kutoa picha moja unayoibadilisha kwa kubonyeza. Simu huunganishwa nayo kwa waya kupitia programu kama DroidCam. Ila inataka kompyuta yenye nguvu kidogo. Ikianza kugandaganda, rudi kwenye simu zako mbili bila aibu.

Mitambo ya umeme wa gesi iko hapahapa mkoani, na bado umeme unakatika, kwa hiyo pawabenki ni lazima. Simu inayochajiwa huku inarusha video hupata moto, na kwa joto letu la Novemba inaweza kuzima kamera yenyewe. Ivue kava, feni ielekee simu, karatasi zibanwe na rula. Mvua ikianza kupiga bati husikiki tena. Hapo acha kuongea, andika maelezo kwenye karatasi, kamera ya meza iendeleze kipindi.

Uwe pia na mpango wa siku mtandao unapokufa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti nchini ikazorota vibaya. Kwa siku kama hizo, piga picha kurasa ulizoandika, rekodi maelezo kwa sauti, tuma WhatsApp pale mtandao unapopatikana. Mimi hutuma kurasa hata siku za kawaida, maana wapo wa Newala na Nanyumbu ambao video huwakatikia kila mara.

Akaunti ya bure ya Zoom hufunga mkutano dakika ya 40. Gawa somo sehemu mbili: mifano kwanza, kisha mazoezi. Linki ya pili itume kwenye kundi mapema, na ukumbuke kuiingiza Meza upya, bila sauti.