Kupooza kushoto au kulia, upi una nafuu?

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mzee ana nafuu kwa vile kiharusi kimempooza kushoto na bado anaongea vizuri. Kuongea kusikudanganye.

Nusu ya kushoto ya ubongo huendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi lugha iko huko. Aliyepooza kulia akikosa maneno, nyumba nzima inashtuka. Mzee ameumia nusu ya kulia, ambayo kazi yake kubwa ni kufuatilia yanayotokea pande zote, hasa kushoto. Ikiharibika, mgonjwa anaweza kuusahau upande huo kabisa: ananyoa shavu moja, anamaliza wali wa kulia mwa sahani na kulalamika kwamba hajashiba. Ukimuuliza habari ya mkono wa kushoto anasema mzima, kisha anainuka peke yake na kuanguka. Hata kipimo cha NIHSS, ambacho madaktari hupimia ukali wa kiharusi na kina alama 42, kinazipa lugha na maelekezo alama 7, kupuuza upande alama 2 tu. Kwa hiyo jeraha la kulia linaweza kuonekana dogo kuliko lilivyo.

Mpime hivi. Chora vistari vifupi kama 40 vilivyotawanyika kwenye karatasi, iweke katikati ya kifua chake, mwambie avikate vyote kwa kalamu. Akiacha vya kushoto, mwambie tabibu wa viungo kabla hajaruhusiwa. Inawezekana pia ni macho hayaoni kushoto, lakini mwenye tatizo la macho pekee mara nyingi hugeuza kichwa kutafuta, anayepuuza hatafuti.

Nyumbani, bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa sahani au kitabu, na kila mara mwambie aanze kwa kuutafuta. Kaa mbele yake kwanza, halafu siku hadi siku sogea kushoto kwake. Maji na kengele viache kulia, hivyo ni vya usalama. Mkono uliopooza uwe juu ya mto. Ukining'inia, vidole huingia kwenye spoku za kiti cha magurudumu. Usimvute kwa mkono huo, bega litateguka.

Kuhusu kupona, ukubwa wa jeraha na mahali lilipo vina uzito kuliko upande. Mgonjwa anayeweza kukunjua vidole na kuinua mkono kwa pembeni kutoka begani ndani ya saa 72 za mwanzo ana matumaini mazuri ya kuutumia mkono tena, uwe wa kulia au wa kushoto.