Jibu: Alaimenti ya Impreza ya kazini na ya mashindano

Mwenye uzi ana Impreza ya turbo ya 2004, ameishusha kidogo, na anataka namba za alaimenti, yaani pembe za magurudumu, zitakazomfaa siku za mashindano ya lami kule bara, huku gari hilo hilo likimpeleka kazini kila siku, Mtwapa mpaka Shimanzi. Hapo juu mmoja amemwambia aweke kemba hasi digrii 3.5 (kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele; hasi ni kichwa chake kikilala ndani), mwingine ametundika karatasi ya vipimo vya gari lake iliyotoka kwenye mashine. Mimi nina Impreza ya umbo hilo, naiendesha hapa hapa Mombasa, na alaimenti nafanya mwenyewe uani kwa kamba na rula. Namba nitakupa, ila kwanza lala chini ya gari.

Chumvi ya pwani haina huruma na bolti. Mbele, shokabu imeshikwa na mguu wa gurudumu kwa bolti mbili, na ile ya juu ndiyo ya kurekebisha kemba. Ukiizungusha, gurudumu linalala ndani au nje. Nyuma, tou, yaani magurudumu yanatazama ndani au nje ukiyaangalia kutoka juu, inarekebishwa na bolti yenye sahani ya duara iliyokaa kando, inayopita katikati ya bushi. Hiyo ndiyo yenye maneno. Inashikana na bomba la chuma la ndani ya bushi, na kama gari lilitoka sehemu za theluji za Japani ambako barabara humwagwa chumvi, lilikuja na kutu kabla hata halijateremka bandarini. Fundi akiipiga spana utaona namba zinasogea kwenye skrini, kila mtu anafurahi. Kumbe kinachojipinda ni mpira wa bushi. Akiachia, pole pole zinarudi zilikotoka. Halafu utaambiwa "nyuma hairekebishiki". Kemba ya nyuma ni kweli, kiwandani hawakuweka marekebisho. Tou ipo. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, iache ilale hivyo usiku kucha, jaribu tena. Ikigoma, kata kwa grainda, funga bolti na bushi mpya, na ukirudisha paka grisi ya kutosha. Boljointi na tai rodi (fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele) zilizolegea ni hivyo hivyo: hakuna mashine itakayokupa alaimenti juu ya chuma kinachocheza.

Sasa tou, maana hapa ndipo pesa ya tairi inapopotelea. Watu wanailaumu kemba kila tairi ikiliwa ndani. Kemba hasi 2 ikiwa na tou sifuri inakula ukingo wa ndani taratibu, unaweza kuishi nayo. Kemba hiyo hiyo ukiiongezea tou ya nje, magurudumu yakatazama pembeni kama miguu ya bata, tairi inaburuzwa kila mita unayokwenda, na nyuzi zitachungulia ndani huku nje tairi bado inaonekana mpya.

Kwa lami ya mashindano, mbele weka tou kati ya sifuri na milimita 2 za nje kwa jumla ya magurudumu yote mawili. Pua inaingia kona upesi. Nyuma weka milimita 1 hadi 2 za ndani, ili mkia utulie ukiachia mafuta ghafla. Lakini kumbuka bara unakwenda kwa gari hilo hilo. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na Miritini mpaka Mariakani malori yamechimba mifereji kwenye lami. Gari la tou ya nje litaifuata mifereji hiyo, na wewe utapigana na usukani mpaka Voi. Kwa hiyo mimi mbele nakaa sifuri siku zote. Nikifika uwanjani nazungusha tai rodi kiasi sawa kila upande, na alama ya rangi niliyotia inanionyesha pa kurudi jioni. Ukitaka kujua tou ina uzito gani, mwaka 2020 Mercedes wa Formula 1 walileta DAS, mtambo uliomruhusu dereva kuvuta usukani kwenye sehemu iliyonyooka ili magurudumu ya mbele yanyooke, kisha kuusukuma kabla ya kona. Ulipigwa marufuku kuanzia 2021. Sisi tuna spana.

Mashine ikikusomea dakika badala ya milimita usibabaike. Rimu ya inchi 17 ina kipenyo cha milimita 432, kwa hiyo milimita 1 kwa gurudumu moja ni kama dakika 8.

Kemba: gari likilala kwenye kona, tairi ya nje inasimamia ukingo wake wa nje, ndiyo maana tunaipa hasi mapema. Na hapa kushusha gari kunaweza kukugeukia. Kwenye mfumo huu wa shokabu, mkono wa chini ukishapita usawa ukaanza kutazama juu, kila gari linapozama zaidi kemba hasi inapungua badala ya kuongezeka. Lisilaze tumbo chini kwa ajili ya picha. Kwa tairi za kawaida mbele weka hasi 2 hadi 2.5, nyuma karibu 1.5 kama ndivyo lilivyokaa lenyewe. Bolti ya kiwandani huishia njiani kabla ya 2. Kupita hapo unahitaji sahani za kemba juu ya shokabu. Ile 3.5 mwachie mwenye tairi laini za mashindano. Hata wakubwa huungua: kwenye mbio za Formula 1 za Spa, Ubelgiji, 2011, Red Bull walizidisha kemba kuliko Pirelli walivyoshauri, tairi za mbele zikatoka malengelenge.

Kasta, yaani mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kwenda mbele au nyuma, kwenye gari hili haina marekebisho ya kiwandani. Hakikisha tu kushoto na kulia zinalingana.

Unapopima, kiti cha dereva kisiwe kitupu. Mimi naweka mfuko wa simiti wa kilo 50 na dumu la maji la lita 20, tangi nusu, upepo wa tairi sawa. Kila gurudumu la mbele likae juu ya vigae viwili vilivyotazamana na grisi katikati, vinginevyo tairi inang'ang'ania sakafu na namba zinadanganya. Na gari likivuta kidogo kushoto barabarani, usikimbilie kumwambia fundi abadilishe kemba ya upande mmoja. Barabara zetu zimeinamia kushoto ili maji ya mvua yatoke. Jaribu kwanza pahali tambarare.

Ukishaendesha kwa nguvu mizunguko kadhaa, simama mara moja upime joto la tairi ndani, katikati na nje, kwa kipimajoto cha sindano. Kile cha mwanga kinasoma ngozi ya juu tu, nayo inapoa haraka. Ndani ikizidi nje kwa digrii 5 hadi 8 za Selsiasi, uko pazuri. Nje ikiwa moto zaidi, ongeza kemba hasi. Katikati ikizidi, punguza upepo.

Ukizipata hizo namba tatu za kila tairi ziandike hapa, pamoja na urefu wa gari kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, ndipo tuzungumze kama hasi 2 inakutosha.