Majibu matatu ya hesabu moja: nani kapata?

SUALI: Ndugu Mhariri, Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Sita hapa Chake Chake, Pemba. Tulipewa kutafuta intigrali ya sin x cos x, yaani fomula ambayo derivativu yake (kasi ya kubadilika kwake) ni sin x cos x. Mimi niliweka u = sin x nikapata ½ sin²x + C (C ni namba yoyote isiyobadilika); mwenzangu aliweka u = cos x akapata −½ cos²x + C; na jibu lililoko nyuma ya kitabu ni −¼ cos 2x + C. Tumebishana mpaka ikaadhiniwa Magharibi. Nani aliyekosea?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Hakuna aliyekosea, si wewe, si mwenzako, wala kitabu. Ubishi wenu umetokana na kuyalinganisha majibu kwa sura zake, ilhali kinachotakiwa ni kulitoa moja katika jingine na kuangalia kinachobaki. Chukua jibu lako, ulitoe la mwenzako, C ukiziweka kando: utapata ½(sin²x + cos²x), na kwa kuwa sin²x + cos²x daima ni 1, inabaki ½ tupu, isiyo na x ndani yake. Ama jibu la kitabu, kumbuka kwamba cos 2x = 1 − 2 sin²x; ukiiingiza hiyo, −¼ cos 2x huwa ½ sin²x − ¼, yaani jibu lako lilelile lililopunguzwa robo. Nusu na robo hizo humezwa na C, kwani C yako si lazima iwe sawa na ya mwenzako, ingawa mmeziandika kwa herufi moja. Anayeiacha C kwa uvivu hana haki ya kudai kwamba majibu haya ni mamoja.

Muda ukiwa mfinyu, tia thamani mbili tatu za x. Kwenye x = 0 jibu lako linatoa 0 na la mwenzako −½; kwenye x = π/2 lako linatoa ½ na lake 0; tofauti ni ileile. Ingelibadilika, mmoja wenu angelikuwa amekosea. Kutobadilika kwake ni dalili nzuri tu; uthibitisho ni kutafuta derivativu ya kila jibu na kuona kama inarudi sin x cos x.

Kuna mtego mmoja, nao huwanasa hata wazoefu. Intigrali ya 1/(1 + x²) ni arctan x + C (arctan x ni pembe ambayo tan yake ni x), na mwengine anaweza kuleta −arctan(1/x) + C. Ukilitoa la pili katika la kwanza unapata π/2 pale x inapozidi 0, lakini −π/2 inapopungua 0. Tofauti imeruka, na bado derivativu ni sawa, kwa sababu jibu la pili halina thamani kwenye 0, hivyo limekatika vipande viwili, kila kipande na C yake. Ukipewa mipaka ya −1 hadi 1, arctan x itakupa π/2, ambayo ni sahihi. Lile jingine, likivushwa juu ya 0 kwa pupa, litakupa −π/2, ingawa grafu yote ya 1/(1 + x²) iko juu ya mhimili wa x, na hivyo eneo lililo chini yake haliwezi kuwa hasi.