Macho kuchoma na kutoa machozi hita ikiwaka

Pole sana. Macho yanayochoma tangu uwashe hita ya nyumba, hata kama yanachuruzika, mara nyingi ni makavu: jicho likiudhika humwaga machozi mepesi yasiyokaa.

Kama unatumia matone ya kuondoa wekundu wa macho, yaache. Yanabana mishipa ya damu tu, na yakiisha nguvu wekundu hurudi, wakati mwingine zaidi. Duka la dawa ulizia machozi bandia (matone ya kulainisha macho) yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike, ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Tone moja kila jicho, mara nne kwa siku, bila kungoja yaanze kuwasha. Vuta kope ya chini, dondosha, kisha fumba dakika moja bila kukaza. Ukipepesa haraka dawa inakimbilia puani. Kama unavaa lenzi, zitoe kwanza.

Jioni weka kitambaa safi chenye maji ya moto kiasi juu ya kope kwa dakika 10, ukikichovya tena kila kikipoa. Hulainisha mafuta ya kope, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi yasikauke upesi.

Chumbani weka kipima unyevu wa hewa. Chini ya asilimia 30 macho yatateseka; lenga 40 hadi 50, ikizidi sana kuta zinaota ukungu. Tundu la hewa ya moto lisikuelekee usoni.

Ukipata maumivu makali, mwanga ukikuumiza au uoni ukififia, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.